Edward Saidi Tingatinga: alianza kuchora akiwa mtu mzima, kiisha akafundisha ndugu zake

Katika Kasongo na Kabambare, mtu mwenye kujua kuchora anaitwa kwa kazi ndogo ndogo. Anaandika jina la duka kwenye ukuta, anachora kichwa chenye nywele nzuri kwenye mlango wa kinyozi, anapakaa rangi kwenye kibao cha shule. Kazi ikiisha analipwa kidogo, na wengi wanasema ile si kazi ya kulisha bibi na watoto. Tena wanaongeza kwamba kama mtu hakujifunza akiwa mtoto, basi imeisha.

Maisha ya Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania yanaonyesha mambo ingine. Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa na miaka karibu 36, bila kupita katika shule yoyote ya sanaa. Alichora kwa muda wa miaka 4 tu, kiisha akauawa. Leo, zaidi ya miaka 50 baadaye, jina lake limekuwa jina la aina nzima ya picha zenye kujulikana duniani kote, na watu wengi wanalipa nyumba na masomo ya watoto kwa kazi ile.

Lakini hakuna mtu mmoja anayeweza kufanya vile peke yake. Tingatinga alifaulu kwa sababu alikusanya watu wazima wenye kukosa kazi, akawafundisha kila siku mikononi. Njo sababu historia yake inagusa pia wakaaji wa Maniema.

Mtoto wa Tunduru

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932, upande wa Nakapanya, katika wilaya ya Tunduru, kusini kabisa mwa inchi ile yenye iliitwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Msumbiji. Wakati ule Waingereza walikuwa wanatawala. Baba yake alikuwa Mungindo na Mwislamu, mama yake Mumakua na Mkristo. Njo maana alibeba majina mawili, Edward na Saidi, na hakuna mtu aliyeshangaa. Katika Kasongo pia, kuna jamaa nyingi zenye kuishi vile, huyu anakwenda msikitini, mwingine anakwenda kanisani, na wote wanakula kwenye sahani moja.

Wazazi walikuwa wakulima. Edward alisoma miaka michache tu, kiisha akarudi shambani. Upande ule wa kusini ulikuwa na pori kubwa, na wanyama walikuwa wengi: tembo, chui, fisi, swala, nyoka na ndege wa kila rangi. Mtoto wa kule hakuwaona kwenye kitabu. Aliwajua kwa sababu walikula mihogo ya mama yake au walimpisha njiani.

Lakini pori haikutoa feza ya kodi wala ya nguo. Mwaka 1957 Tingatinga akafanya kama vijana wengi wa kusini walivyofanya: akaondoka kwenda Tanga, kwenye mashamba makubwa ya mkonge, ule mumea wenye kutoa nyuzi za kamba na magunia. Tanganyika wakati ule ilikuwa kati ya inchi za kwanza duniani kwa mkonge, na mashamba yale yalihitaji mikono mingi. Ni sawa vile vijana wa Maniema walivyokwenda Kalima kuchimba kasiterite wakati wa Wabelgiji. Kazi ilikuwa ya nguvu: kukata majani yenye miiba, kuyafunga, kuyabeba, na kuhesabiwa jioni. Tingatinga hakukaa sana. Mwaka 1959 akashuka Dar es Salaam.

Boyi, mkulima wa bustani, mtu wa vibarua

Katika Dar es Salaam alipata kazi kwa mzungu mmoja wa serikali ya Waingereza. Alikuwa boyi na mtunza bustani. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru, na wazungu wengi wa serikali wakaanza kurudi kwao. Boyi akabaki bila bwana na bila mshahara.

Kiisha hapo ilikuwa miaka ya kuhangaika. Alifanya vibarua vya hapa na pale, leo kujenga, kesho kupakaa rangi. Alipenda sana muziki na ngoma, na watu wa kwao waliokaa katika mji walimjua kwa jambo hilo kabla ya kumjua kwa picha. Hakuwa kijana tena. Alikuwa amepita miaka 30, na hakuwa na diploma yoyote ya kuonyesha kwenye biro.

Picha zilizotoka Kongo

Hapa historia yake inakutana na historia ya Kongo. Katika miaka ile ya 1960, kwenye barabara za Dar es Salaam kulikuwa picha za rangi kutoka Kongo zenye kuuzishwa kwa wageni. Watu waliofanya kazi na Tingatinga wamesimulia kwamba aliziona, akaona wageni wanatoa feza, akajiambia moyoni kwamba yeye pia anaweza. Kuna wengine wenye kusema kwamba mizizi ya picha zake ni michoro ya kwenye kuta za nyumba kule kusini kwao. Mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja.

Picha za Kongo nazo zilikuwa na asili yao. Mwaka 1946, katika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, Mfaransa mmoja aliyeitwa Pierre Romain-Desfossés alifungua ateliye iliyoitwa Le Hangar. Wanafunzi wake hawakuwa watoto wa shule. Bela, aliyetokea Chad, alikuwa mtumishi wake wa nyumbani, na alichora kwa vidole bila burashi. Pilipili Mulongoy alichora samaki, nyoka na ndege kati ya majani. Mwenze Kibwanga alijaza picha yake na mistari mifupi mifupi. Yule Mfaransa hakutaka waige picha za Ulaya. Alitaka kila mmoja atafute namna yake mwenyewe kwa kuangalia maji, miti na wanyama. Alikufa mwaka 1954, lakini Pilipili, Mwenze na Bela waliendelea, na walifundisha katika Academie des Beaux-Arts ya mji ule.

Kwa hiyo, wakati Tingatinga aliposhika burashi, kulikuwa tayari katika Kongo mfano wa watu wazima, wenye mikono ya kazi, waliogeuka wachoraji bila kupitia mlango mkubwa wa shule.

Ubao wa plafo na rangi ya kinga

Mwaka 1968 Tingatinga akaanza. Hakuwa na feza ya kununua kitambaa cha wachoraji wala rangi za mafuta za Ulaya. Alitumia vitu vyenye kupatikana kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Picha alichora juu ya ubao mwembamba wa kukandamizwa, ule wenye kutumika kufunga plafo ya nyumba. Rangi ilikuwa ile ya kungaa ya kupakaa baiskeli, ile yenye watu wa Maniema wanaita kinga.

Hesabu yake ni rahisi. Ubao mmoja wa futi 4 kwa futi 8 ukikatwa vizuri unatoa vipande 8 vya futi 2 kwa futi 2, ni kusema karibu sentimetre 60 kila upande. Njo kipimo cha picha zake nyingi. Mtalii anaweza kukishika mkononi, kukifunga katika gazeti na kukiingiza katika valizi.

Namna yake ya kuchora ilitoka pia kwa vifaa vile. Rangi ya kinga haichanganyike vizuri kama rangi za wasanii, na inakauka polepole. Basi alipakaa kwanza ubao mzima rangi moja, akaacha ikauke. Kiisha akachora mnyama mmoja mkubwa katikati: tembo, chui, ndege, mara na mti pembeni. Akajaza mwili kwa rangi, kiisha akaweka madoa, mistari na macho. Hakuchora kivuli, wala milima ya mbali. Mnyama anasimama mbele ya mtu kama amekutana naye njiani. Mtoto anaielewa picha ile, na mtu aliyesoma sana haachi kuiangalia.

Bibi yake kwenye soko

Katika kartie ya Oyster Bay, kulikuwa duka lenye kuitwa Morogoro Stores. Ni upande wenye wazungu, mabalozi na wafanyakazi wa mashirika ya kigeni walikaa. Agatha, bibi ya Tingatinga, alikuwa anauzisha matunda na mboga pale. Akaanza kupanga picha za bwana wake pembeni ya vikapu vyake. Mteja anakuja kununua machungwa, anaona chui mwenye macho makubwa, anauliza bei.

Mara nyingi watu wakisimulia maisha ya msanii wanasahau sehemu hii. Bila Agatha, picha zingebaki zimerundikwa ndani ya nyumba. Yeye njo aliyejua ni saa gani wateja wanapita, ni nani anarudi mara ya pili, na ni mnyama gani anaisha kwanza. Bwana alichora, bibi alileta habari za soko, na kazi ya kesho ilifuata habari ile.

Tingatinga hakuacha kutafuta mshahara mwingine. Alipata kazi ya kusaidia wagonjwa katika hopitali kubwa ya Muhimbili. Saa za hopitali zikiisha alirudi kwenye rangi. Alikuwa na jamaa ya kulisha na watoto wawili, na picha peke yake zilikuwa bado hazitoshi.

Ateliye ya watu wazima

Wateja walipozidi, mikono miwili haikutosha. Tingatinga akaita ndugu zake. Wa kwanza waliojulikana ni Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Ajaba Abdallah. Karibu wote walikuwa wa ukoo au wa upande wake wa kusini. Walikuja mjini kutafuta kazi kama yeye, na walikuwa hawajawahi kushika burashi ya picha.

Hakukuwa na darasa, wala ubao mweusi, wala daftari. Masomo yalifanyika nje, mbele ya watu wenye kupita. Mwanafunzi alianza na kazi ya chini: kulainisha ubao na kupakaa rangi ya kwanza, ile ya nyuma ya picha. Akiweza hiyo vizuri bila kuacha alama za burashi, anapewa mwili wa mnyama ajaze. Kiisha madoa, kiisha macho, na mwisho kuchora mnyama mzima kutoka kichwa chake. Kila hatua ilikuwa sehemu ya picha yenye itauzishwa, basi hakuna siku iliyopotea. Mtu mzima hawezi kukaa miaka mitatu akijifunza bila kupata chochote, kwa sababu kwake wanangoja unga. Katika ateliye ya Tingatinga, mtu alijifunza huku akisaidia kupata chakula cha jioni.

Namna hii ilikuwa na uzito wake na hatari yake. Uzito ni kwamba mtu wa miaka 30 asiyejua kusoma sana aliweza kuwa fundi katika muda mfupi. Hatari ni kwamba mwanafunzi anaweza kubaki akiiga mwalimu tu. Tembo wa huyu anafanana na tembo wa yule, na mteja haoni tena tofauti. Wale wa kwanza walikimbia hatari hiyo. Mpata alipata mkono wake mwenyewe, akahamia Nairobi, na picha zake zilipendwa sana na Wajapani. Wengine nao walibaki na wanyama wao wenye kutambulikana.

Kidogo kidogo jina likapanda. Shirika la serikali lenye kushughulika na vitu vya sanaa likaanza kununua picha za Tingatinga na kuzionyesha. Kwa mtu aliyeanza pembeni ya vikapu vya machungwa, ilikuwa hatua kubwa.

Usiku wa 1972

Hakufurahia sana hatua ile. Mwaka 1972, usiku, Tingatinga alikuwa ndani ya gari pamoja na wenzake katika Dar es Salaam. Polisi walikuwa wanafuata wezi, wakafikiri gari lile ni la wezi. Wakapiga risasi. Tingatinga akafa. Alikuwa na miaka 40 hivi. Hakuwa mwizi, na hakuwa amefanya kosa lolote. Alizikwa palepale mjini.

Wakaaji wa mashariki mwa Kongo hawahitaji kuelezwa sana kifo cha namna ile. Risasi inauliza jina kiisha kuua. Jamaa ilibaki bila baba, na ateliye ilibaki bila mwalimu miaka 4 tu kiisha kuanza.

Hapo njo ilionekana kama alifundisha kweli. Mwalimu mwenye kuficha siri ya kazi, akifa kazi inakufa naye. Wanafunzi wa Tingatinga walikuwa wanajua kila hatua, kutoka kukata ubao mpaka kumpokea mteja. Walirudi palepale Morogoro Stores, wakaendelea kuchora, na wakabeba jina la mwalimu wao juu ya kazi yao. Wao nao wakaita wadogo zao na watoto wa dada zao. Mwaka 1990 wakaandikisha koperative yao, Tingatinga Arts Cooperative Society. Koperative iliwapa mahali pa kufanyia kazi, nafasi ya kuuzisha kwa pamoja, na sauti moja mbele ya serikali na wanunuzi.

Katika mji uleule, miaka ileile ya 1970, nyumba ingine ya sanaa ilianza, yenye kuitwa Nyumba ya Sanaa. Ilianzishwa na Sister Jean Pruitt, mtawa Mmarekani, kusaidia watu wenye kipaji wasio na kazi. Pale njo George Lilanga, Mumakonde aliyezaliwa mwaka 1934, aliingia kama mlinzi wa usiku, kiisha akatoka mchoraji na mchongaji mwenye kujulikana Ulaya na Marekani mpaka kifo chake mwaka 2005. Naye pia alikuwa mtu mzima wakati alipoanza kuchora.

Jina ni la nani?

Jina la Tingatinga lilipokuwa kubwa, shida ingine ikazaliwa. Watu wasiokuwa wa koperative, wengine mbali sana na Tanzania, wanapiga wanyama wa namna ile kwenye nguo, vikombe na makaratasi, na wachoraji hawaoni hata senti. Mwaka 2010 filamu za watoto zenye jina Tinga Tinga Tales zilianza kuonyeshwa kwenye televisheni za Uingereza. Zilitengenezwa Nairobi, kwa namna ya picha zile. Watoto wa dunia nzima walipenda jina, hata wasipojua kwamba ni jina la mtu, mtoto wa mkulima wa Tunduru.

Kwa msanii wa Maniema, hapa kuna somo la kushika mapema. Katika Kongo, ordonansi-sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mwenye kutunga: mwandishi, mwimbaji, mchoraji, mchongaji. Haki ile inabaki kwake maisha yake yote, na kwa warithi wake miaka 50 kiisha kufa. Lakini sheria inalinda kazi yenye kujulikana ni ya nani. Picha isiyokuwa na jina wala mwaka ni kama mbuzi asiye na alama sokoni. Yeyote anaweza kusema ni wake. Tingatinga aliandika jina lake kwenye picha zake, na njo maana leo picha zake za kweli zinatafutwa kwa feza nyingi na wenye kukusanya picha.

Njia ya zamani, kazi ya leo

Kasongo na Kabambare haziko mbali na historia hii. Njia ya misafara ya zamani ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapanda mpaka Kabambare na Kasongo. Kwa njia ile ilikuja lugha ya Kiswahili, na kwa njia ile yalikuja pia maovu ya utumwa. Miaka mingi baadaye picha zikafuata njia ya kurudi, kutoka Kongo kwenda pwani, na mtu mmoja kule akaziona, akashika burashi.

Vitu alivyoanza navyo vinapatikana leo kwenye soko lolote la Maniema: kipande cha ubao, kopo la rangi, burashi moja au mbili. Wanyama wa pori ya Maniema pia wapo, na kila mtu mwenye miaka 40 anayo hadithi yake juu yao. Kitu kigumu kupata ni kile alichofanya pembeni ya Morogoro Stores: kukusanya ndugu watano wazima, wenye kuona haya kuanza upya, kuwapa ubao walainishe, na kukubali kwamba siku moja mmoja wao atachora vizuri kumupita mwalimu.